Injini ya Caravan haiwaki kama pikipiki

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu programu za kompyuta za kuigiza urushaji wa ndege, ambazo vijana wengi wanazitumia siku hizi wakiamini kwamba wanajifunza kazi ya urubani.

Juzi mpwa wangu, hapa kwetu Ilemela, aliniita nimwone akiwasha Cessna 208 Caravan, ndege ndogo ya pangaboi moja, kwenye kompyuta yake. Alifungua mafuta mara tu baada ya kubonyeza starta, kompresa, yaani sehemu inayoshindilia hewa ndani ya injini, ikiwa haijaanza kuzunguka vizuri, na injini ikawaka bila kunung'unika. Mimi niliyezeeka kwenye kazi ya ufundi wa ndege nilishtuka, kwa sababu katika injini halisi ya PT6A, ile ya turbini inayoendesha Caravan, mafuta hayafunguliwi kabla kompresa haijafikia angalau asilimia 12 ya mzunguko wake. Ukiwahi, hewa ya kupooza haitoshi, joto linaweza kuvuka kikomo cha nyuzi 1,090 za Selsiasi, na turbini ikaungua kwa sekunde chache tu.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba waundaji wa programu nyingi wamechukua hesabu za injini ya pistoni, kama ya pikipiki, wakazivika sauti ya turbini. PT6A ina turbini mbili, yaani magurudumu yanayozungushwa na gesi ya moto, zisizounganishwa kwa shafti: moja huzungusha kompresa, nyingine huzungusha pangaboi kupitia giaboksi, na kinachoziunganisha ni gesi hiyo peke yake. Ndiyo maana rubani akisukuma wenzo wa nguvu, kompresa hutangulia kuongeza kasi, nguvu ya msokoto inayozungusha pangaboi hufuata baada ya kitambo, na gavana, kifaa cha kudhibiti kasi, hubadili pembe ya mabapa ya pangaboi ili pangaboi lisipite mizunguko 1,900 kwa dakika. Kwa mpwa wangu vyote vilipanda kwa pamoja, papo hapo, kama pikipiki ya bodaboda.

Hapa Mwanza jambo hili lina uzito wake. Uwanja wetu uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi, na kadiri ndege inavyozidi kupanda ndivyo kikomo kinachombana rubani kinavyohama kutoka kwenye msokoto kwenda kwenye joto, ambalo kwa Caravan halipaswi kuvuka nyuzi 805 wakati wa kuruka kutoka uwanjani. Programu ambayo joto lake hufuata wenzo tu, bila kujali mwinuko wala jua la mchana, haiwezi kumfundisha kijana kuitazama geji ya joto.

Sisemi programu zote ni mbovu. X-Plane, kwa mfano, hutenganisha injini ya turbini huru, kama PT6A, na ile ya shafti moja. Ninachoomba ni kwamba ukurasa wenu wa teknolojia, unapozisifu programu hizi, uzipime pia kwa injini, badala ya kuishia kwenye uzuri wa picha za ziwa. Kipimo rahisi ni kuzima injini: shinikizo la oili likishuka, mabapa ya pangaboi la Caravan hujigeuza yenyewe, makali yakaelekea upepo. Kwenye kompyuta ya mpwa wangu hayakusogea.

Fundi wa ndege mstaafu,
Ilemela, Mwanza