Ratiba ya karatasi bado ina kazi yake katika ujenzi

Mhariri,

Nimesikia mara nyingi siku hizi, mikutanoni na hata katika vibanda vya mabati tunavyotumia kama ofisi za ujenzi, kwamba ratiba inayochorwa yote kabla ya msingi kuchimbwa imepitwa na wakati, na kwamba heri kupanga kazi wiki baada ya wiki kama wafanyavyo watengenezaji wa programu za kompyuta. Mimi ni msimamizi wa ujenzi hapa Nairobi, na naomba nafasi nipinge maoni hayo.

Anayeandika programu akikosea leo, kesho hufuta na kuandika upya. Zege halifutiki. Niliwahi kuitwa kusaidia kwenye jengo la ghorofa nne huko Kasarani ambako kazi zilikuwa zikipangwa kila Jumatatu. Fundi wa mabomba aliambiwa aje Alhamisi, na slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ikamwagwa Jumatano. Ilibidi matundu ya mabomba ya choo yatobolewe kwa mashine, na vumbi lilipotulia nikaona nondo tatu, vyuma vinavyoimarisha zege, zimekatwa. Mhandisi alilazimika kukokotoa upya uimara wa sehemu ile, nasi tukapoteza siku 11. Mafundi wale walikuwa hodari. Kilichokosekana ni karatasi ya kuwaonyesha kwamba mabomba hutangulia zege.

Karatasi hiyo si ngeni. Henry Gantt, mhandisi Mmarekani, alieneza chati ya mistari inayoitwa kwa jina lake katika miaka ya 1910, na kufikia mwaka 1957 kampuni ya DuPont ilikuwa ikishughulikia hesabu ya kutambua zile kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, mradi mzima huchelewa siku hiyo. Hesabu hiyo inatufaa sana. Nguvu za zege hupimwa siku ya 7 na ya 28, na miti inayoshikilia slabu hung'olewa mhandisi anaporidhika, hata mwenye jengo awe na haraka kiasi gani. Udongo mweusi wa Embakasi na Kasarani hufura ukilowa, kwa hivyo anayechimba msingi hana budi kuyahesabu masika yanayoanza Machi. Lifti inayoagizwa ng'ambo huchukua wiki nyingi kabla ya kutoka bandarini Mombasa. Yote hayo yanajulikana mapema.

Sisemi ratiba isiguswe. Yangu huirekebisha kila Jumamosi pamoja na wanyapara, na rangi ya kuta inaweza kuamuliwa hata mwishoni.

Ombi langu ni kwa wenye viwanja: kabla ya kutoa malipo ya kwanza, mwombeni mkandarasi ratiba kamili, mumuulize ni kazi zipi hazivumilii kuchelewa, kisha ibandikwe, kwa Kiswahili, pale vibarua wanapoandikisha majina asubuhi.

Msimamizi wa ujenzi,
Nairobi