Barua ya Wazi kwa Gavana wa Texas Kuhusu Mikataba ya Makocha wa Vyuo Vikuu vya Umma

Mheshimiwa Gavana,

Kwa heshima zote nakuandikia mimi mkazi wa Houston, mzaliwa wa Tanga, na mzazi wa binti anayesoma katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hili. Nakala ya Kiingereza nimeituma ofisini kwako. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wenzangu wanaolipa karo kama mimi.

Siipingi futiboli ya Kimarekani. Nimewahi kuketi Kyle Field, uwanja wa Chuo Kikuu cha Texas A&M unaochukua watu zaidi ya 102,000, nikawaona wazee, wanafunzi na wakulima wakiimba wimbo mmoja bila kuulizana wametoka wapi, nasi wahamiaji tunaijua thamani ya mahali kama hapo. Najua pia kwamba katika vyuo vikubwa mapato ya futiboli husaidia kubeba riadha, kuogelea na michezo mingine isiyojaza viwanja. Michezo ya vyuo imewafaa hata watu wa kwetu: mkimbiaji Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, ndani ya siku 81.

Kinachoniumiza ni mikataba. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwajiri kocha wa futiboli aitwaye Jimbo Fisher kwa miaka 10 na dola milioni 75. Mwaka 2021, kabla hajaleta hata ubingwa mmoja wa SEC, ligi ya vyuo ambamo timu hiyo hucheza, mkataba ule ulirefushwa hadi 2031. Novemba 2023 aliachishwa kazi, na chuo kikabaki na deni la takriban dola milioni 76: zaidi ya milioni 19 za kumlipa mapema, kisha zaidi ya milioni 7 kila mwaka, hata kama atapata kazi kwingine. Yeye hakumdhulumu mtu. Alitia saini karatasi aliyowekewa mezani. Swali langu ni kwa walioiandaa karatasi hiyo.

Hujibiwa kwamba fedha hizo hazitoki kwa walipa kodi, bali zinatoka idara ya michezo na kwa wachangiaji. Jibu hilo halinitoshi. Idara ya michezo ni sehemu ya chuo cha umma, na inatumia jina na ardhi ya chuo hicho. Michango nayo, kwa kuhesabiwa kuwa ya hisani, humpunguzia mtoaji kodi ya shirikisho. Sheria ya kodi ya mwaka 2017 iliiondoa nafuu hiyo kwa michango inayofungamana na haki ya kununua viti uwanjani, lakini haikuigusa mingine.

Muhula uliopita binti yangu alifundishwa hesabu na mwalimu hodari, mwenye shahada ya uzamivu, ambaye mkataba wake ulikuwa wa muhula mmoja tu. Ulipokwisha aliondoka bila fidia yoyote, na wanafunzi waliokuwa wakimfuata ofisini hadi jioni wakabaki kutafuta msaada kwingine. Tangu hapo nimeshindwa kuelewa kwa nini chuo cha umma kimhakikishie mtu mmoja malipo ya miaka 10, na mwingine kisimhakikishie hata miezi 6.

Na wachezaji je, ambao vichwa vyao ndivyo vinavyogongana? Mpaka mwaka 2021 hawakuruhusiwa hata kulipwa kwa matumizi ya majina yao wenyewe katika matangazo. Tangu Julai 2025 chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake; kikomo cha malipo ya wote kwa pamoja kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 kiliwekwa dola milioni 20.5. Fidia ya kocha yule mmoja ingewalipa wote, kwa kiwango hicho cha juu kabisa, kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Mheshimiwa, wajumbe wa bodi za vyuo vyetu vya umma unawateua wewe, nalo Baraza la Seneti la jimbo linawathibitisha. Naomba uwatake waweke masharti mawili katika kila mkataba mpya wa kocha: fidia ya kuachishwa kazi isizidi mshahara wa mwaka mmoja, na ipunguzwe kwa kiasi anachokipata katika ajira mpya. Iwapo bodi zitakataa kwa hofu ya kupoteza makocha hodari kwa majimbo jirani, basi naomba upendekeze muswada kwa Bunge la Texas, wazazi na wachangiaji wapate kusikilizwa hadharani.

Wako mtiifu,
Mzazi na mkazi wa Houston