Bajaji au guta? Mzee, uliza kwanza goti na kiganja

Karibu kila mwezi anaingia dukani kwetu hapa Morogoro mzee au mama ambaye kiinua mgongo kimetoka juzijuzi. Tukishamwamkia na kumpa kiti, maneno huwa yaleyale: "Mwanangu, pikipiki naiogopa. Nipe hii ya miguu mitatu, hii si haianguki?" Muuzaji mwenye njaa hujibu, "Haianguki, mzee," na biashara imeisha. Sisi nasi tuliwahi kujibu hivyo zamani, na jibu likarudi dukani siku ya tisa likiwa limepinda foki, chuma kinachoshika tairi la mbele.

Haianguki ikiwa imesimama, hilo ni kweli. Hutakiwi kuweka mguu chini kwenye foleni, wala huhitaji nguvu za kuishikilia. Ikianza kukimbia ndipo mambo hubadilika. Aliyewahi kusonga ugali wa msiba juu ya mafiga anajua jambo hili bila kufundishwa. Kandamiza mwiko usawa wa jiwe, sufuria halitikisiki. Kandamiza ukingo ulio katikati ya jiwe na jiwe, sufuria linainama, ndiyo maana lazima mtu alishikilie. Bajaji ya abiria na guta la mizigo ni mafiga hayohayo, jiwe moja mbele na mawili nyuma. Ukikata kona kwa kasi, uzito unakimbilia upande wa nje. Ukishika breki ukiwa ndani ya kona, uzito unakwenda na mbele pia. Sasa wote umelalia pale pembeni pasipo na jiwe, na tairi la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, halafu ingia ukiwa umeachia breki.

Wanaopata shida zaidi hapa si wale ambao hawajawahi kuendesha chochote. Ni waliozeeka na baiskeli. Mwalimu mmoja mstaafu, baiskeli miaka 40, alikaa kwenye guta tukiwa uwanjani, akafika kwenye kona akalaza mwili kama alivyozoea, akasubiri chombo nacho kilale. Guta halilali. Likanyoosha moja kwa moja hadi kwenye michongoma, na mwalimu akabaki ameinama upande peke yake. Tulicheka pamoja naye, lakini somo lilikaa: chombo hiki hukatwa kona kwa mikono, kwa kuuzungusha usukani, na mabega huchoka kweli siku za mwanzo.

Sasa, kipi ununue? Wengi huuliza bei na CC, yaani ukubwa wa injini. Sisi siku hizi tunauliza, "Kinachokuuma ni kipi, goti au kiganja?"

Si utani. Kwenye bajaji, gia ziko mkono wa kushoto. Unabana klachi kwa vidole na papo hapo unazungusha kishikio chote kwa kifundo cha mkono, juu au chini, kutafuta namba. Mguu wa kulia una breki tu, wa kushoto unapumzika. Mtindo huo ni wa zamani hasa: Waitaliano wa Piaggio walitoa gari dogo la magurudumu matatu mwaka 1948, wakaliita Ape, yaani nyuki, wakitumia ufundi wa pikipiki yao ya Vespa ambayo gia zake zilikuwa mkononi. Bajaj ya India nayo ilianza kwa kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio. Ndiyo maana hadi leo mkono wa kushoto wa dereva wa bajaji haupumziki mjini.

Guta ni pikipiki upande wa mbele na mkokoteni upande wa nyuma. Gia zinakanyagwa kwa mguu wa kushoto, kidole mbele na kisigino nyuma, na kukaa ni kwa kutanua mapaja juu ya tangi. Mwenye goti bovu au nyonga inayokaza atalijutia ndani ya wiki moja. Tulimuuzia mzee mmoja guta zuri la CC 200, imara, lenye springi za kutosha. Tulimuuliza atabeba nini, tukamuuliza atapita wapi. Goti hatukuliuliza. Baada ya miezi miwili alilirudisha, likiwa bado linang'aa, tukamsaidia kuliuza kwa hasara. Tangu hapo tunauliza.

Kwa kifupi, mwenye yabisi ya vidole au aliyewahi kuvunjika kifundo cha mkono wa kushoto ajihadhari na bajaji, na mwenye magoti mabovu ajihadhari na guta. Ukiwa na vyote viwili, kuna vyombo vya umeme visivyo na klachi wala gia, unashika resi na kwenda. Ni rahisi kuviendesha kuliko vyote, ila kabla hujalipa tafuta fundi wake hapo mtaani kwako, na ujue utachajia wapi. Usipompata fundi, acha.

Mambo mengine ya mwili yanapimwa kwa kukaa tu. Kaa kwenye kiti cha bajaji, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Je, unagusa kitambi? Unagusa goti? Wazee wengi hugundua hapo kwamba kona kali ya kushoto hawaiwezi. Angalia pia namna ya kuwasha. Bajaji nyingi za zamani huwashwa kwa kuvuta wenzo kutoka chini kwa mkono, na asubuhi ya baridi unaweza kuuvuta mara sita. Mgongo wa miaka 60 hauhitaji kazi hiyo. Lipia zaidi upate yenye selfu, ya kuwasha kwa kitufe, na hakikisha betri ni nzima, maana muuzaji wa mkononi huwa ameshaiwasha bajaji kabla hujafika ili injini iwe ya moto.

Kuhusu nguvu ya injini, CC nyingi hazikupi usalama wala haziuondoi, zinakupa mlima. Anayezunguka Kihonda na Mazimbu, kwenye tambarare, na mzigo wa mboga au maji ya chupa, guta la CC 150 linamtosha. Anayepanda Kigurunyembe na saruji asijidanganye. Chombo kidogo kikizidiwa mlimani kinazima, na mgeni wa gia akihangaika na klachi kinaanza kurudi nyuma na mzigo wake. Jambo la ajabu ni kwamba guta tupu nalo lina vituko: springi zimetengenezwa kwa mzigo, kwa hiyo likiwa tupu nyuma linarukaruka kwenye matuta na kuteleza kwenye mchanga. Wiki za mwanzo weka mifuko miwili ya mchanga sakafuni kwenye bodi, karibu na ekseli. Mzigo wowote uwe chini na usiwe mrefu.

Halafu mashimo. Mwenye gari hulipitisha shimo katikati ya matairi, mwenye pikipiki hulikwepa. Wewe una mapito matatu. Ukilikwepa kwa tairi la mbele, la nyuma linaweza kuingia. Ukitaka kulipitisha katikati, la mbele ndilo linaloingia. Hakuna ujanja zaidi ya kulichagua tairi la nyuma na kupunguza mwendo. Kwa sababu hiyo hiyo tunawashauri wanaoanza wasiingie barabara kuu ya Dar es Salaam au ya Dodoma. Malori yanakimbia, upepo wake unakusukuma, na nafasi ya kuchagua shimo huna.

Macho tuyaseme wazi, ingawa wazee hawapendi. Kama taa za magari usiku zinakutawanyikia machoni kama jua, nenda kapimwe kabla hujanunua chochote. Huenda ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa kwa upasuaji. Hadi hapo, fanya kazi ya mchana.

Rivasi inastahili siku yake nzima. Kwenye maguta mengi ina wenzo wake peke yake, tofauti na gia. Ukiusahau kwenye rivasi, utaweka namba moja, utashika resi, na utaondoka kinyumenyume kwa wajukuu waliosimama kukuaga. Jizoeze kuugusa wenzo huo kila unapokaa, kabla ya kuwasha.

Ukinunua iliyotumika, linganisha namba za chesisi na injini na zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi, kisha nyanyua tairi la mbele ulitikise: foki ikicheza, kuna gharama. Leseni yako iwe na daraja la magurudumu matatu; ya gari dogo uliyo nayo tangu zamani haikuruhusu. Ukitaka kubeba abiria, vibali vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima vinafuata. Na kama nia yako ni kumpa kijana akuletee hesabu jioni, basi goti linalohusika ni lake, mpigie simu aje naye.

Majaribio ni Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, uwanjani, bila malipo na bila kulazimika kununua. Tunaanza na kusimama, kisha kurudi nyuma, kwenda mbele ni mwisho. Njoo na miwani yako na viatu utakavyoendeshea kila siku. Ukija na ndala tutakurudisha nyumbani, hata uwe mzee wetu namna gani.