Wenger hapimwi kwa vikombe peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Arsène Wenger, aliyekuwa kocha wa Arsenal ya England, imemhesabia makombe: ubingwa wa England mara tatu, Kombe la FA mara saba, na ule msimu wa 2003/04 alioumaliza kwa kushinda mechi 26, sare 12, bila kufungwa hata moja. Yote kweli. Ila kazi iliyoleta vikombe hivyo ilianzia jikoni na kwenye uwanja wa mazoezi, na huko makala haikufika.

Alipotua Arsenal Oktoba 1996 akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japani, alipiga marufuku chokoleti. Mezani wachezaji wakawekewa samaki wa mvuke, kuku wa kuchemsha, tambi na mboga, tena wakafundishwa kutafuna taratibu. Sukari nyingi hupandisha nguvu ghafla, kisha ikashuka mchezaji akiwa bado uwanjani. Wanga wa tambi hutoa nguvu kidogo kidogo. Mazoezi nayo aliyapima kwa saa mkononi: dakika zikiisha, zoezi linabadilishwa hata kama watu wamenogewa, maana misuli ikishachoka hujifunza makosa na huumia. Lee Dixon, beki wa kulia aliyemkuta na miaka 32, alitwaa ubingwa wa 2002 akiwa na 38. Hilo peke yake linastahili ukurasa mzima.

Kisha kulikuwa na jicho lake la kuwabadilishia wachezaji nafasi uwanjani. Thierry Henry alikuwa akichezeshwa pembeni Juventus. Mwaka 1999 Wenger akampeleka mbele, akavumilia ukame wa mabao wa mwanzo, na Henry akaondoka na mabao 228 ya Arsenal. Lauren wa Cameroon alisajiliwa akiwa kiungo, akawa beki wa kulia. Kolo Touré, aliyetoka ASEC Mimosas ya Abidjan, akawekwa beki wa kati pembeni ya Sol Campbell. Faida ya kumgeuza kiungo kuwa beki ni kwamba mpira hutoka nyuma ukiwa mguuni, haubutuliwi.

Mnasema miaka ya 2005 hadi 2014 aliishiwa mbinu. Sikubali. Uwanja wa Emirates, uliofunguliwa 2006, uligharimu takribani pauni milioni 390. Ili ujengwe, klabu iliuza mapema jina la uwanja na nafasi ya tangazo kwenye jezi kwa mkataba mrefu wa pauni milioni 100, kwa hiyo bei za udhamini zilipopanda, wapinzani walivuna na Arsenal ikabaki imebanwa na mkataba wake. Hata hivyo ilimaliza ndani ya nne bora misimu 20 mfululizo.

Kosa lake la kweli mlilipita. Msimu wa 2007/08 alimaliza pointi nne tu nyuma ya Manchester United. Januari ile Lassana Diarra alishakwenda Portsmouth. Kiangazi Mathieu Flamini akaenda Milan bure na Gilberto Silva akaenda Panathinaikos. Viungo wakabaji watatu ndani ya mwaka mmoja, na hakumnunua hata mmoja aliyekomaa wa kuziba pengo. Tangu hapo kila Arsenal ilipopoteza mpira katikati, mabeki walikutana uso kwa uso na mshambuliaji. Deni la uwanja halikumlazimisha kufanya hivyo. Aliwaamini mno vijana wake.

Msomaji wenu,
Tanga