Fuvu la Kalenga lifundishwe mfupa kwa mfupa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie namna wanafunzi wanaopelekwa makumbusho ya Kalenga wanavyoelezwa kuhusu fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Historia yenyewe wanaipata vizuri: mapigano ya Lugalo, Agosti 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga, Oktoba 1894, kifo cha Mtwa, Julai 19, 1898, kichwa kupelekwa Ujerumani, kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kilichoitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo, na hatimaye Juni 19, 1954, Gavana Edward Twining wa Tanganyika alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Ugumu unaanza pale mtoto anapouliza swali ambalo kila mtoto makini lazima aulize: walijuaje kwamba ni lenyewe?

Jibu analopewa ni kwamba Twining alikuta mafuvu yapatayo 2,000 katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, 84 kati yake yakiwa yametoka lililokuwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Akayatenga yale yenye vipimo vinavyokaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachukua lile lililokuwa peke yake lenye uwiano wa upana kwa urefu wa asilimia 71. Ndivyo ilivyofanyika, na kusema hivyo si kosa. Kosa ni kuitaja namba hiyo kana kwamba ni alama ya dole gumba. Mwanafunzi anarudi shuleni akiamini kuwa ukigawanya upana wa kichwa kwa urefu wake unapata jina la mtu, na huo ni upotoshaji ambao sisi tunaofundisha anatomia tunahangaika kuuondoa baadaye.

Uwiano huo ulianzishwa na Msweden Anders Retzius katika miaka ya 1840. Urefu hupimwa kutoka kwenye mwinuko mdogo ulio katikati ya nyusi, juu ya shina la pua, hadi sehemu ya kisogo iliyo mbali kuliko zote. Upana hupimwa pale fuvu lilipo pana zaidi, kwa kawaida juu ya masikio. Gawanya upana kwa urefu, zidisha kwa 100. Basi.

Sasa fanya hesabu. Fuvu lenye upana wa milimita 128 na urefu wa 180 linatoa 71.1. Lenye 121 kwa 170 linatoa 71.2. Lenye 135 kwa 190 linatoa 71.1 tena. Mafuvu matatu, moja dogo, moja la wastani, moja kubwa, na yote yanaangukia namba ile ile, kwa sababu uwiano unafuta ukubwa. Halafu mpimaji akikosea milimita 2 tu katika upana, 128 ikasomeka 130, lile fuvu la wastani linaruka hadi 72.2. Na kukosea ni rahisi mno. Ncha za kalipa, yaani chombo chenye miguu miwili cha kupimia upana na urefu, zinatakiwa zisogezwe mbele na nyuma, juu na chini, zikiwa usawa mmoja pande zote mbili, hadi upatikane upana wa juu kabisa. Mpimaji mwenye haraka huziegemeza kwenye tuta la mfupa lililo juu ya tundu la sikio na kujiongezea milimita ambazo si za bakuli la ubongo. Kwa hiyo kusema fuvu fulani lilikuwa “pekee lenye 71” ni kusema jambo linaloweza kubadilika kwa unene wa sarafu.

Kuna kasoro nyingine kubwa zaidi. Jamaa waliopimwa walikuwa hai, fuvu lilikuwa kavu. Kichwa cha mtu aliye hai kina ngozi mbele na nyuma, lakini ubavuni kina ngozi pamoja na msuli wa kutafunia, ule unaousikia ukituna chini ya vidole ukibana meno na kugusa panja. Tuseme nyama inaongeza milimita 7 katika urefu na 9 katika upana: fuvu letu la 128 kwa 180 likiwa na nyama linakuwa 137 kwa 187, yaani 73.3. Tofauti ya zaidi ya vizio viwili, kwa mtu yule yule. Asiyeirekebisha analinganisha kichwa kimoja na kingine kama anayepima gunia moja likiwa na mahindi ya magunzi na jingine likiwa na yaliyopukuchuliwa.

Lakini kwetu kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni hii: kipimo hicho hakigusi uso hata kidogo.

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22. Minane inajenga bakuli la ubongo: mmoja wa paji, mmoja wa kisogo, miwili ya ubavuni inayokutana utosini, miwili ya panja, na miwili iliyojificha ndani ambayo ni sfenoidi, iliyotandaza mabawa kama popo kutoka upande hadi upande, na etimoidi iliyo katikati ya macho, nyepesi na yenye vyumba vyumba kama sega la nyuki. Kumi na minne iliyobaki ni ya uso: mataya mawili ya juu yaliyoungana katikati, mifupa miwili ya mashavu, miwili ya pua, miwili ya machozi, miwili ya kaakaa, konka mbili za ndani ya pua, vomeri inayogawa pua katikati na yenye umbo la ulimi wa plau, na taya la chini. Vimifupa vitatu vya ndani ya kila sikio na mfupa wa koo ulio chini ya ulimi havimo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana vitabu vingine vinaandika 28 au 29 na wanafunzi wanabishana bure.

Kipimo cha 71 kinagusa paji, kisogo na mifupa miwili ya ubavuni. Minne kati ya 22. Mtu tunamtambua kwa sura yake, na sura hiyo imejengwa juu ya ile mifupa 14 ambayo kalipa ya Retzius haikuiona.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wajue jinsi fuvu linavyosomwa kwa kweli aanzie kwenye mataya. Taya la chini ndilo pekee linalotembea. Limeshikwa na misuli na kano tu, na hizo zikioza linaachana na fuvu. Kwa hiyo katika makusanyo ya zamani mafuvu mengi hayana taya, na baya zaidi, mengine yamewekewa taya la mtu mwingine. Kulijua ni kazi ya dakika chache. Vichwa viwili vya taya vikae vyema katika vishimo vyake mbele ya matundu ya masikio bila kucheza. Meno ya juu na ya chini yakutane. Na pale jino la juu lilipolika, la chini liwe limelika kwa namna inayolingana nalo. Moja ya hayo likikataa, taya si lake.

Kisha atazame mapengo. Wageni wengi wakiona fuvu lisilo na meno ya mbele husema marehemu alikuwa mzee. Meno ya mbele yana mzizi mmoja uliochongoka, hivyo baada ya kifo yanachomoka yenyewe, wakati magego yenye mizizi miwili au mitatu yanabaki. Kishimo chenye kingo kali na kina chote kinaonyesha jino lilidondoka baada ya kifo. Jino lililong'oka mtu akiwa hai, kishimo chake hujaa mfupa polepole kwa miezi, ufizi ukafunga na ukingo ukawa laini. Kwa aliyeishi miaka mingi bila meno, taya lenyewe hukonda kutoka juu, hata lile tundu dogo la ubavu wa kidevu, linalopitisha neva ya mdomo wa chini, ambalo kwa mtu mwenye meno liko katikati ya kimo cha taya, linajikuta karibu na ukingo wa juu.

Tundu la jicho pekee ni somo zima. Kuta zake zimeundwa na mifupa saba: paji, shavu, taya la juu, sfenoidi, etimoidi, machozi na kaakaa. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba kiasi kwamba ukimulika tochi mwanga unapenya. Ndiyo sababu mtu asiyejua anayebeba fuvu kwa kuingiza vidole machoni, kama tunavyoona kwenye michezo ya kuigiza, anavunja kitu ambacho hakirudi.

Kuhusu majeraha, mwanafunzi afundishwe mambo mawili. Risasi inapoingia huacha tundu dogo upande wa nje na pana zaidi upande wa ndani, kama faneli. Inapotoka ni kinyume chake. Na mfupa uliovunjika miaka mingi baada ya kifo, kwa kuangushwa au kubebwa vibaya, mpasuko wake huwa na rangi nyepesi kuliko fuvu lote, ilhali mpasuko wa wakati wa kifo umechukua rangi ile ile ya mfupa. Umri na jinsia tunavipitia haraka: mishono ya fuvu hufunga bila ratiba ya kuaminika, na ukali wa nyusi, ukubwa wa kifundo cha nyuma ya sikio na umbo la kidevu vinatoa uwezekano tu, havitoi hukumu.

Leo wataalamu wanapotaka kujua fuvu ni la nani hawaanzi na kalipa. Wanaendea sehemu ya mfupa wa panja inayofunika sikio la ndani, ngumu kuliko mfupa mwingine wowote wa fuvu, kwa sababu humo vinasaba hudumu zaidi. Septemba 2023 huko Berlin ilitangazwa kwamba mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni yamelinganishwa na watu walio hai hapa Tanzania na ndugu wakapatikana, fuvu moja kati yake likiwa la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Kilimanjaro. Hata njia hiyo ina mipaka yake: vinasaba vya upande wa baba vinapita kutoka kwa baba hadi mwana bila kubadilika sana, kwa hiyo peke yake vitaonyesha ukoo, wala havitamtofautisha mtu na kaka yake au baba yake mdogo. Kutoa sampuli kunahitaji kutoboa mfupa, na tundu hilo halizibiki. Kama jambo hilo lifanyike Kalenga au lisifanyike ni la ukoo wa Mkwawa kuamua, na sisi hatuna neno juu yake. Heshima ya Wahehe kwa fuvu lililorudi nyumbani haikuanzia kwenye kalipa.

Tunachokiomba ni kidogo. Kabla ya safari, mwalimu atenge kipindi kimoja cha dakika 40. Vipande viwili vya ubao vilivyonyooka na rula vinatosha: mwanafunzi akae, ubao mmoja uguse katikati ya nyusi, mwingine kisogo, vyote vikiwa wima na sambamba, mwenzake asome umbali kati yake, kisha hivyo hivyo ubavuni juu ya masikio. Kila mmoja apige hesabu yake na namba zote ziandikwe ubaoni bila majina. Wataona wenyewe kwamba namba zimetawanyika hata ndani ya darasa moja, kwamba wasio na undugu wanaangukia namba moja na ndugu wanaachana, na kwamba mtu mmoja akipimwa na watu watatu anapata majibu matatu. Yeyote anayewaambia kuwa kabila lina kichwa cha namba fulani atakuwa ameshajibiwa.

Makumbusho nayo iweke, mbali na sanduku la fuvu, kielelezo cha plastiki ambacho watoto wanaruhusiwa kugusa, mifupa ikiwa na rangi tofauti na taya likitoka. Kikalie kata ya kitambaa, kama ile ya kubebea ndoo, kisibiringike, na kishikwe kwa mikono miwili chini ya bakuli, kamwe si kwa mfupa wa shavu, ambao upinde wake ndio wa kwanza kukatika. Walimu wasitafute mifupa halisi. Inayofukuliwa na jembe au mvua ni ya watu. Iachwe ilipo na serikali ya kijiji iarifiwe siku hiyo hiyo.

Na maelezo yanayosomwa na mgeni yaseme jambo lenyewe lilivyokuwa: “Fuvu hili lilichaguliwa Bremen na Gavana Twining kwa kulinganisha upana na urefu wake na vichwa vya jamaa wa Mtwa Mkwawa, na likapokelewa na Chifu Adam Sapi Juni 19, 1954.”

Wenu,
Walimu wa anatomia, Iringa