Muulizeni nani anashika hiyo leza

Mhariri salaam, huku Mtwara sasa hivi kila grupu la wasap la kina mama lina tangazo la leza ya kutoa madoa usoni, "mara moja tu uso unatakata", na watu wanatafuta nauli ya Dar kabisa, na nyie juzi mmelitoa moja kama hilo hilo.

Leza peke yake kwa ngozi nyeusi inaweza kukuongezea doa. Ule mwanga unafuata weusi wa ngozi, sasa sisi weusi tunao uso mzima, ukipigwa kwa nguvu unaungua halafu pakipona panakuwa peusi zaidi au panabaki baka jeupe. Ndo maana wataalamu kwa ngozi zetu wanapendelea leza aina ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 1064, inazama chini bila kuchoma sana juu, tena kwa nguvu ndogo na kwa awamu, na haiendi peke yake. Kuna sanskrini, krimu ya kukinga jua, kila siku (hiyo wengi hawaitaki kuisikia), kuna krimu za daktari za kupunguza weusi kama haidrokwinoni na tretinoini kwa miezi michache, mjamzito tretinoini asiiguse, wengine wanapewa vidonge vya traneksamiki ila sio mtu aliyewahi kupata tatizo la damu kuganda. Na pamoja na yote hayo melasma, yale madoa meusi ya usoni ya ujauzito au ya vidonge vya uzazi wa mpango inaweza kurudi.

Halafu kuna wabangua korosho wetu. Mafuta ya ganda yanababua mikono, ukijipangusa jasho na uso umo, kidonda kikipona kinaacha weusi, sasa huyo umpige leza leo kesho yuko kwenye maganda tena? Mpeni glavu kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni mkorogo. Mtu kapaka krimu ya steroidi mpaka ngozi imekuwa nyembamba, haidrokwinoni ya miaka na miaka imemletea weusi wa kibluu mashavuni, anafika kwenye leza hasemi na mpokea hela hamuulizi.

Kwa hiyo mhariri, tangazo likija muulizeni anayepiga ni daktari wa ngozi au nani, na hiyo bei ni ya siku moja au ya matibabu yote. Tena mkitupatia daktari wa ngozi wa kujibu maswali gazetini hata wiki moja moja, Mtwara na Lindi tutawajazia maswali.

Msomaji wenu, Chikongola, Mtwara