Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka 2022 kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Bustani, London

Ndugu wanachama,

Hii ni taarifa yangu ya nne tangu mnikabidhi kiti hiki. Shughuli za kawaida mnazijua: viwanja vimelimwa, mbegu za mchicha na kunde ziligawiwa, uzio wa nyuma umetengenezwa, futari ilifana. Kamati ilikutana mara sita. Mapato ni pauni 1,710 (ada 1,260, michango 450), matumizi 2,330. Pengo la pauni 620 limezibwa kwa akiba, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Pauni hizo 620 zilinunua matangi manne ya lita 1,000, gata na mabomba yake. Wapo waliosema, tena pembeni badala ya kikaoni, kwamba mwenyekiti ametapanya akiba kukinga mvua katika nchi inayonyesha kila siku. Wao walitaka tuvute mpira mrefu kutoka bomba la getini.

Ndugu zangu, Uingereza ya mvua ipo, ila si hapa tunapolima. Upepo wenye unyevu hutoka Atlantiki, ukapanda milima ya magharibi na kuumwaga mzigo wake huko huko. Seathwaite, Cumbria, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. London hupata kama 600. Dar es Salaam yenyewe hupita 1,000. Manyunyu ya hapa hulowesha koti, ndoo hayaijazi.

Na maji ya huko hayatufikii. Birmingham hunywa maji ya Wales tangu 1904, yakiteremka yenyewe kilomita 118 kutoka Bonde la Elan. Bwawa la Kielder, Northumberland, lililofunguliwa 1982, hubeba lita bilioni 200, lakini hakuna bomba la kuyaleta kusini-mashariki, ambako watu wamejazana na mvua ni haba. Sisi tunategemea zaidi mito ya Thames na Lea, na maji ya chini ya ardhi kwenye miamba ya chaki, ambayo hujazwa hasa na mvua za majira ya baridi.

Haya yote niliyaeleza kwenye mkutano wa Machi. Walikuja wanachama 9 kati ya 41, na akidi ni 14. Tulisubiri saa nzima, chai ikapoa. Kamati ikaamua kwa mamlaka iliyopewa na katiba yetu. Pendekezo lilikuwa langu na sioni haya kulisema.

Kisha mkaona wenyewe. Tarehe 19 Julai joto lilifika nyuzi 40.3 Coningsby, Lincolnshire, rekodi ya nchi. Chemchemi ya Thames ikakauka, maji yakawa yanaonekana kilomita nane mbele, mto unakoteremkia. Agosti, marufuku ya mipira ya maji ikatufikia London. Mpira ule mrefu ungekuwa umelala nyasini! Jioni nyingi nilimkuta mama mmoja, miongoni mwa waliopinga, ameweka ndoo juu ya tofali chini ya bomba la tangi la pili, akichotea maboga yake. Nilifurahi kumwona. Paa la banda ni mita za mraba 25, kwa hiyo kila milimita ya mvua hutupa lita 25. Nakiri matangi matatu yalikuwa matupu kabla ya Agosti kuisha, lakini maboga yalikwisha kukomaa.

Sasa ada. Wanachama 13 hawajalipa pauni zao 45. Hizo ni pauni 585. Wangelipa, akiba ingeguswa kwa pauni 35 tu, na lawama zote hizi nisingezisikia. Inaniuma kwamba baadhi ya waliolalamika zaidi wamo katika hao 13, na Machi hawakuwapo.

Mwaka ujao tunatarajia kuongeza tangi la tano hali ikiruhusu, na pengine kupanda mazao yanayostahimili ukame. Gata la upande wa kaskazini limelegea. Tutalikaza kabla mvua za baridi hazijatupita, Mungu akipenda. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti